Karata nzuri inapogeuka mtego

Tuseme, msomaji mpenzi, kwamba umekaa barazani Malindi, mtaa wa Shela, jioni ya Jumapili. Upepo wa kusi unavuma kutoka baharini, chai ya tangawizi imeshamiminwa, na mbele yenu pana mkeka wenye karata. Mlianza wachezaji wanane. Sasa mmebaki wanne tu. Zawadi ni tatu. Maana yake ni kwamba mmoja wenu, baada ya saa mbili za kukuna kichwa, atainuka mikono mitupu.

Mkononi mwako una karata mbili: mfalme wa shupaza na ghulamu wa uru. Mezani zimefunuliwa karata tatu ambazo ni za kila mtu: mfalme wa kopa, tisa ya kopa na nne ya pao. Moyo unakudunda. Umepata jozi ya wafalme, na hakuna karata mezani iliyo kubwa kuliko mfalme. Hiyo ndiyo inayoitwa jozi ya juu.

Mara jirani yako, ambaye ana akiba sawasawa na yako, anasukuma kila kitu alicho nacho katikati ya mkeka. Anakutazama. Je, utamwitikia?

Najua jibu lako. "Nina wafalme wawili, ninangoja nini?" Takriban kila mtu husema hivyo. Leo nataka nikuonyeshe, kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifuata, kwa nini jibu hilo aghalabu huwa ndilo linalomtoa mtu mchezoni. Na ukilielewa jambo hili la karata, nadhani utakuwa umeelewa na mengine ambayo hayahusu karata hata kidogo.

WAHEDI NA SITINI

Kabla hatujaingia katika poka, tuanze na mchezo ambao pwani inaufahamu zaidi. Kutoka Kilifi hadi Takaungu, kutoka Malindi hadi Mambrui, wazee wamecheza karata za wahedi na sitini tangu zamani sana. Maneno ya mchezo huo yenyewe yanasimulia historia. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, na nguzo iliyojengwa na Wareno ingali imesimama hapo ufuoni. Wareno walikwenda zao, lakini waliacha maneno yao kwenye mkeka. Karata ni neno lao. Turufu ni neno lao. Hali kadhalika kopa, uru, shupaza na pao, yaani zile alama nne ambazo wengine huziita moyo, almasi, jembe na maua.

Katika mchezo huo, ree, ile karata yenye alama moja, ina thamani ya 11. Inayofuata ni sabaa, yenye 10. Halafu huja karata za picha, ambazo wazee huziita wazungu: mzungu wa nne ni mfalme, mzungu wa tatu ni ghulamu, na mzungu wa pili ni bibi. Zilizobaki ni magarasa, hazina kitu. Jumlisha: 11 na 10 na 4 na 3 na 2 ni 30. Mara alama nne, ni 120. Nusu yake ni 60, na kwa hiyo anayefikisha 61 ndiye mshindi. Jina la mchezo limetoka hapo.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Waitaliano, ambao wamefanya Malindi kuwa kama nyumbani kwao tangu enzi za kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco kule Ngomeni katika miaka ya 1960, wana mchezo wao unaoitwa briscola. Hesabu yake ni ile ile: ree 11, mfalme 4, jumla 120, na ushindi ni 61. Tofauti ni kwamba kwao karata ya thamani ya 10 ni tatu, si sabaa. Mzee wa Kiswahili na mzee wa Kiitaliano wanaweza kukaa mkeka mmoja na kuelewana bila mkalimani.

Sasa, kila aliyecheza wahedi na sitini anaijua sabaa ya turufu. Ni karata tamu. Inazipiku karata zote isipokuwa moja tu: ree ya turufu. Nilipokuwa kijana nilikuwa siwezi kuishika mkononi. Nikiipata, naitupa, nikifurahia kishindo chake kwenye mkeka. Siku moja, zikiwa zimebaki karata chache, niliitupa nayo ree haijaonekana. Ami yangu aliyekuwa upande wa pili aliiweka ree yake juu ya sabaa yangu taratibu, akazoa zote mbili. Pointi 21 zikaenda kwa mpigo mmoja. Hakunicheka. Aliniuliza tu kama nilikuwa nimehesabu karata zilizokwisha kupita. Sikuwa nimehesabu. Nilikuwa nimeangalia uzuri wa karata yangu peke yake.

Jozi ya juu katika poka ni sabaa ya turufu. Ni nzuri, ila si kubwa kuliko zote.

POKA KWA MANENO MACHACHE

Kwa ambaye hajaiona, poka inayochezwa zaidi duniani siku hizi huitwa Texas Hold'em. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha hufunuliwa mezani karata tatu za wote, halafu ya nne, halafu ya tano. Kati ya kila hatua, wachezaji huweka dau, huongeza, huitikia au hutupa karata zao chini. Mwishoni, aliye na mkono bora wa karata tano kati ya saba alizo nazo huzoa fungu lote. Jozi hushindwa na jozi mbili, jozi mbili hushindwa na tatu za namna moja, nazo hushindwa na mfuatano, na mfuatano hushindwa na karata tano za alama moja. Juu yake kuna mikono mingine mikubwa zaidi, lakini hiyo hutokea kwa nadra.

Ukiwa na karata mbili zisizo jozi, utapata angalau jozi katika zile tatu za kwanza takriban mara 1 katika 3. Kwa hiyo jozi ya juu si kitu cha kila dakika. Ndiyo maana mtu akiipata huiona kama bahati ya mwaka.

Katika mashindano, wote huanza na akiba sawa ya chipu, na aliyemaliza zake hutoka. Ili mchezo usilale, kila mgawo watu wawili hulazimika kuweka dau hata kabla ya kuona karata, na dau hilo la lazima hupandishwa kadiri muda unavyokwenda. Mashindano makubwa ya mchezo huu, World Series of Poker, yalianza Las Vegas mwaka 1970. Yalivuma zaidi mwaka 2003, wakati mhasibu mmoja wa Marekani aitwaye Chris Moneymaker alipoingia kwa kupitia mashindano madogo ya kwenye intaneti na kuondoka na dola milioni 2.5. Huku kwetu, Malindi kwa miaka mingi ilikuwa na kasino yake kwenye Barabara ya Lamu.

Lakini sisi hatuhitaji kasino. Tutacheza na komwe.

MASHINDANO YA MABUYU

Chukua komwe, zile mbegu ngumu za kijivu ambazo watoto wa pwani huchezea. Ukiwa Nairobi au Nakuru na huna komwe, maharagwe yatafaa. Wachezaji wanne, kila mmoja komwe 20. Jumla 80. Mama mwenye nyumba ametoa mabuyu 100 yaliyokolea sukari na rangi nyekundu, na hakuna mchezaji aliyechanga hata senti. Wa kwanza atapata mabuyu 50, wa pili 30, wa tatu 20. Wa nne atalamba vidole.

Sasa nakuuliza: komwe zako 20 zina thamani ya mabuyu mangapi? Wote mko sawa, mabuyu ni 100, watu ni wanne. Kila mmoja ana haki ya 25. Hilo ni rahisi.

Swali la pili ndilo lenye mtego. Ukishinda komwe za jirani yako zote, ukawa na 40, komwe hizo zitakuwa na thamani gani? Wengi watasema 50, kwa sababu komwe zimekuwa maradufu. La hasha! Fikiri: hata ukizoa komwe zote 80 za mkeka mzima, hutapewa mabuyu yote 100. Utapewa 50 tu, kwani hiyo ndiyo zawadi ya wa kwanza. Basi nusu ya komwe haiwezi kuwa na thamani hiyo hiyo.

Tupige hesabu. Wamebaki watatu: wewe una 40, wenzako 20 kila mmoja. Tukichukulia kwamba ujuzi wenu ni sawa, nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni 40 kwa 80, yaani nusu. Nusu ya mabuyu 50 ni 25. Nafasi ya kuwa wa pili: mmoja wa wale wawili awe wa kwanza, nafasi yake ikiwa robo, kisha kati ya komwe 60 zinazobaki wewe una 40, yaani theluthi mbili. Robo mara theluthi mbili, mara watu wawili, ni theluthi moja. Theluthi ya mabuyu 30 ni 10. Iliyobaki, sudusi moja, ni nafasi ya kuwa wa tatu: mabuyu 3 na kitu. Jumla ni mabuyu 38 na theluthi.

Hesabu ya namna hii haikubuniwa na wacheza karata. Mtaalamu wa takwimu David Harville aliiandika mwaka 1973 kuhusu mashindano yenye washindani wengi, na mbio za farasi zikiwa mfano wake. Miaka kadhaa baadaye Mason Malmuth akaileta kwenye meza ya poka.

Tazama sasa ilivyo. Ukiingia vitani na jirani yako na ukashinda, unaongeza mabuyu 13. Ukishindwa, unapoteza 25. Komwe unayoipoteza ni ghali kuliko komwe unayoipata, karibu mara mbili. Ili vita hivyo vikulipe, haitoshi kushinda mara 51 katika 100. Yakupasa kushinda mara 65. Gawanya 25 kwa 38.33 utaona mwenyewe.

Na wale wawili waliokaa kimya wakinywa chai? Mmoja wenu akitoka, wao moja kwa moja wamo katika zawadi. Kila mmoja wao atapanda kutoka mabuyu 25 hadi karibu 31, bila kuinua kidole. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

TURUDI KWENYE WAFALME WAKO

Haya, sasa tumrudie jirani aliyesukuma komwe zake zote. Ana nini mkononi? Hujui. Lakini mtu mzima hasukumi kila kitu bila sababu, na sababu zake tunaweza kuzigawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza: naye ana mfalme, lakini pamoja na ree au bibi. Nyote mna jozi ile ile ya wafalme, na kwa hiyo mshindi ataamuliwa na ile karata ya pili, ambayo mimi huiita mwandani. Mwandani wako ni ghulamu. Wake ni mkubwa. Itabidi mmoja wa wale maghulamu watatu waliobaki aje mezani kukuokoa, na hilo hutokea takriban mara 13 tu katika 100. Mabuyu unayotarajia ni 5. Akiwa na jozi mbili au tatu za namna moja, hali yako haina tofauti kubwa, na yaweza kuwa mbaya zaidi.

Fungu la pili: ana kopa mbili ndogo. Mezani kuna kopa mbili tayari, anangoja ya tano. Kopa tisa zimebaki, karata mbili hazijafunuliwa. Ataipata takriban mara 36 katika 100, kwa hiyo wewe utashinda kama mara 64. Uko mbele kabisa! Lakini je, si tulisema unahitaji 65? Zidisha 64 kwa mia kwa mabuyu 38.33, utapata mabuyu 24 na nusu. Ulikuwa na 25. Umempita mwenzako kwa mbali, na bado umepata hasara. Na kama moja ya kopa zake ni ree, ana karata nyingine tatu za kumwokoa, na mambo yanakaribia nusu kwa nusu.

Fungu la tatu: ana jozi ya tisa, au anakutisha tu. Akiwa na tisa, utashinda karibu mara 79 katika 100. Hapo mabuyu yako yanafika 30. Hapo tu ndipo wafalme wako wanakulipa.

Sasa tuseme mafungu yote matatu yana uwezekano sawa. Wastani wa 13, 64 na 79 ni 52. Mtu anayehesabu komwe peke yake atasema: "Nina 52 katika 100, naingia." Mtu anayehesabu mabuyu ataona kwamba 52 kwa mia ya 38.33 ni mabuyu 20, nayo ni pungufu ya 25. Atazilaza karata zake kifudifudi, anywe chai, angoje mgawo mwingine. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Nikiri jambo moja ili nisikupotoshe. Nimerahisisha mfano. Kama umekwisha kuweka komwe kadhaa katikati kabla ya jirani kusukuma, ukitupa karata hubaki na 25 kamili, na kile kiwango cha 65 kinashuka kidogo. Vile vile, kama unamjua jirani yako kuwa ni mtu wa kutisha watu kila mara, fungu la tatu ni kubwa kuliko mengine na jibu linabadilika. Ndiyo maana mchezaji mzuri haangalii karata zake tu. Huangalia na nyuso.

SI KILA MARA UKIMBIE

Usije ukasoma makala haya ukadhani nakufundisha woga. Mtu anayetupa kila jozi ataisha polepole. Yale madau ya lazima hayamngoji mtu, na bandu bandu huisha gogo. Jambo la kujua ni wewe uko mahali gani.

Ikiwa akiba yako imebaki ndogo, tuseme haizidi madau makubwa ya lazima kumi, jozi ya juu inatosha kabisa. Weka zote, na uziweke wewe kwanza. Hapa ngoja ngoja huumiza matumbo. Ukisubiri upate mkono usioshindika, utakuta madau yamekumaliza ukiwa bado unasubiri.

Angalia nimesema uziweke wewe kwanza. Anayesukuma ana njia mbili za kushinda: mwenzake atupe karata, au aitikie na ashindwe. Anayeitikia ana njia moja tu. Wafalme wale wale na ghulamu wale wale, ambao ni dhaifu kwa kuitikia, wanaweza kuwa imara kwa kusukuma. Hili ni jambo ambalo wanaoanza hulichelewa sana.

Ikiwa akiba yako ni ya wastani, na kuna mwenzako aliyebaki na komwe mbili tatu anayekaribia kutoka, hapo ndipo pa kuwa na subira kubwa kuliko popote. Jozi ya juu ichezee fungu dogo. Weka dau la kiasi ili wanaongoja kopa walipe kuiona karata inayofuata. Ukiongezewa dau kubwa, fikiri mara mbili. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ikiwa wewe ndiye mwenye komwe nyingi, wabane wa wastani, maana wao ndio wenye hofu ya kutoka. Lakini epuka kugongana na mwingine mkubwa kama wewe kwa jozi moja tu. Yeye peke yake ndiye anayeweza kukuangusha.

Na mkibaki wawili tu? Hapo mambo yanageuka kabisa. Wa pili ana uhakika wa mabuyu 30, na mnachogombea ni yale 20 ya ziada. Komwe unayoipata na komwe unayoipoteza sasa zina thamani moja. Kile kiwango cha 65 kinarudi kuwa 50. Tena, mkiwa wawili, mara nyingi mwenzako hatakuwa na hata jozi. Jozi ya juu hapo ni mkono mkubwa. Icheze bila kutetemeka. Karata ni ile ile uliyoitupa nusu saa iliyopita, ila wakati umebadilika.

KUHUSU PESA

Huenda mzazi fulani anasoma haya akiwa amekunja uso. Nakuelewa, mzazi. Kwa Mwislamu kamari ni haramu, na Wakristo wengi pia hawaikubali. Sheria nayo ina neno lake: Sheria ya Kudhibiti Kamari ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1966, inamkataza mtu wa chini ya miaka 18 kushiriki kamari. Kuna nyumba ambazo hazitaki karata kabisa mlangoni, na kila nyumba ina mwongozo wake.

Ndiyo sababu nimetumia komwe na mabuyu. Mchezo huu hauhitaji shilingi ya mtu ili uwe na maana. Kijana akiketi na dada zake na baba yake akapiga hesabu hii ya mabuyu, atajifunza kuhusu uwezekano kwa njia ambayo ubao wa darasani haukumfundisha. Na ataona kwa macho yake jambo ambalo wenye matangazo ya kamari za simu hawamwambii: kwamba kuwa na karata nzuri si kushinda, na kwamba mtu anaweza kuwa na haki ya kutarajia ushindi na bado awe amefanya uamuzi mbaya.

Fikiri kuhusu yule mwanafunzi aliyetumiwa karo na mzazi wake anayevua samaki Kilifi au anayeuza mitumba Mtwapa. Rafiki anamwambia timu fulani haiwezi kushindwa wikendi hii. Pengine rafiki anasema kweli, pengine ni mara 60 katika 100. Lakini karo ikiongezeka kidogo, mwanafunzi atabaki darasani vile vile kama alivyokuwa. Ikipotea, amefukuzwa. Shilingi itakayoingia na shilingi itakayotoka zina picha moja ila hazina uzito mmoja. Ni hesabu ile ile ya mabuyu, ingawa hapa hakuna mtu atakayegawa mkono mwingine baada ya dakika tano.

Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye shamba dogo la minazi anayeshawishiwa aliweke rehani kwa biashara nzuri. Biashara yaweza kuwa nzuri kweli. Jozi ya juu nayo ni nzuri kweli. Swali la kujiuliza si kama karata ni nzuri. Swali ni: nikishindwa, nitakuwa bado mkekani?

MAMBO MANNE YA KUKUMBUKA

Ukitaka kujaribu Jumapili hii, kabla ya kuitikia dau kubwa kwa jozi ya juu, jiulize maswali manne. Kwanza, mwandani wangu ni nani? Mfalme mwenye ree si sawa na mfalme mwenye ghulamu. Pili, mezani kuna nini? Karata mbili za alama moja, au zinazofuatana kama tisa na kumi, ni dalili kwamba mtu anangoja kitu. Tatu, ni nani aliye karibu kutoka? Akiwa si wewe, huna haraka. Nne, akiba yangu itanifikisha mgawo wa ngapi? Ikiwa haifiki mbali, usingoje.

Mimi bado nacheza wahedi na sitini kila nikirudi Malindi. Ami yangu ametangulia mbele ya haki, na nafasi yake pale barazani imechukuliwa na vijana wenye simu mfukoni. Juzi nilipata tena sabaa ya turufu, zikiwa zimebaki karata chache. Ree haikuwa imepita. Niliishika mkononi mpaka vidole vikatoa jasho, nikatupa garasa badala yake. Kijana aliyekuwa na ree akaitumia kuzoa mzungu wa nne, akitabasamu. Mpigo uliofuata, sabaa yangu haikuwa na wa kuipiku.